Kompyuta Bila Kamba

Kiplangat arap Chumo alivaa koti lake la kununulia ng'ombe siku waliyokwenda Kericho kununua kompyuta. Mkewe, Marcella, alimwona akikunja kamba ya katani na kuitia mfuko wa kulia, akaamua kunyamaza. Safari yenyewe ilikuwa imepatikana kwa shida na hakutaka kuiharibu kwa sababu ya kamba. Lakini walipofika barabarani mdomo ulimshinda.

"Baba Nelvine, huko hakuna mnyama."

"Najua."

"Na hiyo kamba?"

"Kamba ni yangu na mfuko ni wangu. Kwani inakuwasha?"

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka ule, baada ya mvua za El Nino, kampuni ya chai aliyofanyia kazi Marcella ilipunguza watu. Yeye alikuwa karani wa kupiga chapa. Akarudishwa nyumbani na hundi, pamoja na taipureta kuukuu aliyouziwa kwa bei ndogo, ya kuombea msamaha. Hundi ilitosha kitu kimoja kikubwa, si viwili. Kiplangat alikuwa ameshamchagua mtamba mmoja huko Kipkelion, mweusi mwenye doa jeupe usoni, na alikuwa amekwenda kumtazama mara nyingi hata wenye boma wakawa wanamwekea kikombe chake. Marcella akasema yeye anataka kompyuta. Angekodi chumba pale soko la Chepseon, palipo na stima, awaandikie watu barua, pesa iingie kila mwezi, na mtamba angekuja baadaye. Kiplangat alikaa na neno hilo wiki nzima, akakubali, na mtu anayewajua wanaume wa ng'ombe ataelewa kwamba hilo halikuwa jambo dogo. Alitoa sharti moja tu, kwamba siku ya kununua naye awepo, achague.

Sasa kuna jambo Kiplangat hakulijua, na msomaji si vizuri afichwe. Marcella hakutaka kompyuta kwa ajili ya barua. Barua alikuwa amezichapa miaka kumi na sita, na kama angeambiwa hataandika tena neno "yahusu" maisha yake yote, angeimba. Alichotaka ni kucheza. Kompyuta zilipoletwa ofisini, moja ilikuwa na mchezo wa magari, na saa ya chakula cha mchana wenzake wakiwa nje kwenye nyasi, Marcella alikuwa anaendesha. Gari lenyewe lilikuwa kisanduku chekundu, na barabara mistari miwili. Lakini kwa nusu saa hiyo hakuna mtu aliyemwita, hakuna aliyemtuma, na alipokuwa akikata kona alijisikia mwepesi kabisa. Alilipenda jambo hilo kwa moyo wake wote, na alikuwa akilionea haya kwa moyo huohuo, maana alikuwa mama wa watu, mweka hazina wa kina mama kanisani, mwenye umri wa miaka arobaini na tatu.

*

Duka la Nyamwange lilikuwa nyuma ya jengo la ghorofa mjini Kericho, chumba kimoja kilichojaa masanduku ya chuma na waya hadi mlangoni. Nyamwange mwenyewe alikuwa kijana wa Kisii mwenye bisibisi sikioni, mahali wengine huweka kalamu. Alikuwa akinunua kompyuta zilizotolewa maofisini, anazifungua, anachagua vilivyo vizima na kuunda nyingine.

"Karibu mzee, karibu mama. Mnatafuta iliyoundwa tayari ama tuunde?"

"Tuunde," akasema Marcella haraka.

"Tuone kwanza," akasema Kiplangat.

Akaanza kuona. Alizunguka sanduku la kwanza, akalishika ubavu, akaliinua kidogo kupima uzito, akalirudisha. "Hii nyepesi."

"Hiyo haina kitu ndani bado, mzee. Ni sanduku tu."

"Na hii ilitoka kwa nani?" Alikuwa amefika kwenye sanduku la pili.

"Ofisi moja ya Nakuru."

"Kwa nini waliitoa?"

"Wamenunua mpya."

"Haikuwa na ugonjwa?"

Nyamwange alimtazama Marcella, na Marcella akatazama dari. "Haina ugonjwa, mzee. Ndani ina ubongo wa Pentiamu, hiyo ndiyo inafikiri. Hii hapa ni memori, hii ni diski ya kuwekea vitu. Ukitaka nitaiwasha uone."

"Iwashe. Mnyama lazima atembee ndiyo ujue miguu."

Basi wakaunda. Kiplangat alibishana juu ya kila kitu, na wala hakufanya vibaya. Aliona skrini moja ina mkwaruzo pembeni ambao Nyamwange alikuwa ameuelekeza ukutani, akakata bei hapo. Akakataa kibodi iliyokuwa na herufi zilizofutika, akisema meno yakiisha mnyama hali. Marcella alicheka bila kutaka. Kwa mara ya kwanza tangu hundi iingie nyumbani, walikuwa wakifanya kitu pamoja na wote wawili wanakifurahia.

"Sasa," akasema Nyamwange, akihesabu kwa macho, "mmebakisha pesa ya kitu kimoja. Niambieni, hii mashini ni ya kazi ama ya kucheza?"

Marcella akafungua mkoba wake, akaufunga. Nyamwange, kwa kuwa alikuwa mfanyabiashara, akageukia kompyuta yake mwenyewe na kufungua mchezo. Ulikuwa wa magari. Lakini barabara hii ilikuwa barabara kweli, inapanda mlima, kuna ukungu, kuna miti, na mvua inagonga kioo cha gari kwa sauti inayosikika kwenye spika. Marcella alisogea. Hakujua kwamba amesogea.

"Hiyo inafanywa na hii." Nyamwange akamwonyesha kadi ya kijani isiyozidi kiganja. "Kadi ya picha. Bila hii gari linarukaruka tu kama chura. Nikikuwekea hii, na kadi ya sauti, na spika zake, pesa imekwisha. Ama badala yake uchukue printa ile pale, kama ni ya barua. Zote mbili haziwezekani."

Marcella alikuwa ameshaishika ile kadi. Aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza, akaigeuza tena. Kiplangat alimtazama na kuona kitu usoni mwake ambacho hakuwa amekiona siku nyingi, lakini hakukipatia jina.

Ndipo akaingia Bwana Kipkurui. Kati ya watu wote wa Kericho, akaingia yeye, msimamizi wa ofisi ya Marcella ya zamani, amekuja kununua wino wa printa, tumbo mbele na funguo za gari kidoleni.

"Aaa, Marcella." Akatazama skrini, akatazama kadi mkononi mwa Marcella, akaangua kicheko. "Kumbe umekuja kujinunulia yako. Mzee, huyu mkeo ni dereva, hujaambiwa? Sisi tukila mchana, yeye anakimbiza magari. Hata siku ya kusoma majina ya wanaopunguzwa niliwaambia, wanaocheza watatangulia."

Akachukua wino wake, akalipa, akaondoka angali anacheka. Dukani kulikuwa na wateja wawili wengine na wote walipata kazi ya kutazama viatu vyao. Marcella aliirudisha ile kadi mezani.

"Ni ya kazi," akasema. "Tupe printa."

Kiplangat alitoa pesa, akazihesabu mara mbili, akamshika Nyamwange mkono kwa heshima. Hakuuliza kitu. Marcella alitangulia nje kutafuta mtu wa mkokoteni, na kwa hiyo hakuona Nyamwange akimkabidhi Kiplangat mfuko wa nailoni wenye waya zilizosokotwa, wala hakuona Kiplangat akiutazama, akatikisa kichwa, na kuuweka taratibu chini ya meza Nyamwange alipogeuka.

*

Chumba cha Chepseon kilipakana na cha Esnah, mama wa mitumba, ambaye hakuhitaji kualikwa mahali palipo na kitu kipya. Alikuja na kigoda chake. Marcella alipanga kila kitu juu ya meza, skrini, sanduku, kibodi, mausi, printa. Akarudi nyuma akatazama. Akainama, akatafuta chini ya meza, ndani ya makatoni, nyuma ya mlango.

"Baba Nelvine, waya za stima ziko wapi?"

"Zipi?"

"Waya. Za kuchomeka ukutani. Alikupa mfuko?"

"Aa, zile kamba," akasema Kiplangat kwa utulivu. "Nilimwachia."

Esnah alisogeza kigoda karibu.

"Ulimwachia," akasema Marcella.

"Sasa ningezichukua? Ukinunua ng'ombe, kamba inabaki kwa mwenye boma, wewe unakuja na yako. Ukichukua na kamba umechukua na bahati ya nyumba yake. Baba alinifunza hivyo na sijawahi kukosea. Yule kijana ni mtu wa heshima, ametupunguzia bei, nimnyang'anye na kamba?"

"Ni waya ya stima!"

"Mimi niliona kamba tu. Nikadhani na wewe unazo zako."

Esnah, kwa wema wake, alikimbia kuleta waya wa redio yake, ukakataa kuingia. Akaleta wa pasi, ule ulikuwa umeungana na pasi yenyewe. Kisha alipoona sura ya Marcella akakumbuka kwamba ameacha nguo nje, akaenda na kigoda chake.

Marcella alikaa mbele ya kompyuta iliyokufa na machozi yakaanza kumtoka, na alikasirika zaidi kwa kuwa yanatoka.

"Ungeuliza tu," akasema. "Neno moja. Ungeuliza."

"Na wewe ungesema," akajibu Kiplangat.

Alisema polepole, bila ukali, na hilo ndilo lilimmaliza. Marcella akajipangusa kwa kitambaa cha kichwa.

"Nilikuwa nacheza. Kipkurui hakudanganya. Kazi zangu zilikuwa zimekamilika kila siku, hakuna barua iliyolala, lakini mchana nilikuwa nacheza. Na alilisema mbele ya wote, na jina langu likasomwa la kwanza. Nyumbani nikasema tu wamepunguza watu."

"Na hii kompyuta?"

"Nilitaka ya kucheza. Barua nitaandika, lakini nilitaka ya kucheza."

Kiplangat akakaa kwenye katoni la printa. Alitoa kamba mfukoni, akaikunjua, akaikunja upya.

"Niliacha mtamba wa Kipkelion kwa sababu ya barua," akasema.

"Najua."

"Niliwaambia wale watu, subirini, mama anaanza kazi ya maana. Wamemuuza. Nimesikia jana."

Marcella aliona haya hadi kwenye nyayo. Nje, mtu alikuwa akiita wateja wa viazi.

"Unajua ng'ombe yule nilimtakia nini?" Kiplangat akauliza.

"Maziwa."

"Maziwa tunayo. Wale ng'ombe wawili wa nyumbani wanatosha, mengine mpaka tunamwagia paka. Niliwaambia watu ni maziwa kwa sababu mtu mzima lazima aseme kitu. Mimi nilitaka tu kutoka nje asubuhi nimwone amesimama pale." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyejikamata mwenyewe. "Pale dukani ulipokuwa umeshika kile kitu cha kijani, nikajiuliza, hii sura nimeiona wapi. Sasa ndiyo nimejua. Ni mimi huyo, pale Kipkelion, nimeshika ua wa boma."

Marcella hakuamini masikio yake. Alikuwa amejiandaa kugombezwa, na kwa kugombezwa alikuwa na majibu.

"Funga printa na sanduku," akasema Kiplangat. "Kesho tunarudi."

"Na barua za watu?"

"Taipureta si iko nyumbani? Imekufa?"

*

Nyamwange alikuwa ameuweka ule mfuko wa waya mahali pa kuonekana. "Mzee, nilidhani umenikasirikia," akasema. "Nilikimbia mpaka stendi nikiwatafuta."

"Sikukukasirikia. Nilikuheshimu," akasema Kiplangat, na kuitua printa mbele yake. "Hii inarudi."

Ukutani kulikuwa na kibao kilichosema mali ikishauzwa hairudishwi. Nyamwange alikionyesha kwa bisibisi, kwa adabu.

"Hiyo imeandikwa," akasema Kiplangat. "Mimi na wewe tumeongea. Mnyama aliyekataa kusimama kwa boma langu anarudi kwa mwenyewe, hata ukienda kwa chifu. Hiki kitu kimelala kwangu usiku mzima bila kuamka."

"Hakikuamka kwa sababu ulikataa waya."

"Sababu ni zako. Mimi nasema kilicholala kimelala."

Nyamwange alishika kiuno. Wateja walikuwa wengi kuliko jana, na mmoja wao, mwalimu mwenye suti ya kijivu, alikuwa ameinama akiisoma printa kwa hamu iliyokuwa wazi. Nyamwange alimwona akiisoma. Biashara ina macho yake.

"Sawa," akasema. "Printa inarudi. Mnataka nini badala yake?"

Kiplangat akamgeukia mkewe. "Sema."

"Si umwambie wewe."

"Mimi jana nilichagua sanduku na kibodi. Hicho kingine sikijui. Sema mwenyewe."

Marcella alitazama mwalimu, akatazama vijana wawili waliokuwa wameegemea mlango. Alijua vizuri kwamba kufika jioni habari ingekuwa Chepseon, na Jumapili ingekuwa kanisani. Alifikiria kusema ni ya mtoto. Nelvine alikuwa chuo cha ualimu Bomet, mbali na hapa, asingejua kwamba amesingiziwa. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi.

"Nataka ile kadi ya picha," akasema. "Na ya sauti, na spika. Ni yangu. Nataka kucheza magari."

Mmoja wa vijana mlangoni alitoa sauti puani. Kiplangat akageuka, akamtazama kijana huyo kama anavyotazamwa mtu aliyeingia zizini bila kupiga hodi, na sauti ikaishia hapo.

"Mama," akasema Nyamwange, naye akitabasamu kwa sababu yake mwenyewe, "tangu nifungue duka hili wewe ndiye mteja wa kwanza kuniambia ukweli. Wote hununua ya kazi. Halafu wiki ijayo wanarudi kuuliza hii kadi kichinichini."

Akaingiza kadi palepale katika sanduku walilolileta, akaliunganisha na skrini yake, akawasha, ukungu ukapanda mlima. Ilipofika wakati wa kufunga mizigo, akauinua mfuko wa waya na kuwatazama wote wawili, hajui ampe nani. Kiplangat naye aliutazama mfuko kwa mashaka. Ilionekana wazi kwamba jambo hili bado halijakaa sawa tumboni mwake. Mwishowe akatia mkono katika mfuko wa kulia wa koti, akatoa kamba yake ya katani, akaiweka mezani.

"Chukua hii," akasema. "Boma lako lisibaki bila kamba."

Nyamwange alikuwa na maneno ya kichekesho mdomoni, lakini alipoona uso wa mzee akayameza. Aliipokea kwa mikono miwili na kuitundika ukutani, kwenye msumari uleule wa kibao.

"Kongoi, mzee," akashukuru kwa lugha ya mzee mwenyewe. Ndipo Kiplangat akauchukua mfuko wa waya.

*

Weldon, katibu wa kamati ya kanisa, alifika chumba cha Chepseon na karatasi mkononi, siku ya kwanza ya watu kuandikiwa barua. Taipureta ilikuwa mezani imefunikwa kitambaa. Mlango ulikuwa wazi, na kutoka ndani zilisikika mvua na ngurumo ya injini, ingawa nje jua lilikuwa linawaka. Esnah alikuwa dirishani na kigoda chake. Kiplangat alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mkewe, mikono mgongoni.

"Hodi. Nimeleta ile barua ya harambee," akasema Weldon. "Askofu anaihitaji. Mama ana nafasi?"

Marcella alisikia sauti hiyo ya kanisani na kuondoa mkono kwenye kibodi. Alianza kuinuka. Akahisi kiganja cha mumewe kimemkaa begani, kizito, kinamrudisha kitini.

"Ngoja kidogo," Kiplangat akamwambia Weldon. "Anacheza."

"Anacheza?"

"Ndiyo. Weka karatasi hapo kwa taipureta." Akavuta katoni kwa mguu, bila kuondoa macho kwenye skrini. "Kaa lakini usiongee. Hii kona ndiyo mbaya."